UZI: Weusi wa konsoli za zamani ukitoka kijivu kwenye tivii za kisasa. Tafuta kosa kabla hujagusa brightness

fundi_pikseli (Umoja) – mwanzilishi wa uzi

Wadau, salamu.

Konsoli za zamani zimerudi Nairobi kwa nguvu. Watu wanazitoa chini ya vitanda, wanazipata Toi na Gikomba, wengine wanaletewa na jamaa walio Uingereza na Marekani. Nyingi zinafika mezani kwangu zikiwa nzima, lakini lalamiko ni lile lile: mchezo wa usiku unaonekana kama umefunikwa na ukungu, nywele nyeusi zimegeuka za kijivu, rangi zote zimepauka. Mwenye mashine anaamini imechoka. Haijachoka. Mara nyingi konsoli inatoa weusi ulio sahihi, ila kuna kifaa mbele yake kinausoma vibaya.

Ushauri unaozunguka kwenye makundi ni mmoja tu, "punguza brightness". Naupinga kama hatua ya kwanza, na nataka nieleze kwa nini.

Picha ya dijitali ni namba. Kwenye mfumo wa biti 8 kila rangi ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Kompyuta huhesabu weusi kuwa 0 na weupe kuwa 255; huu tuuite mfumo kamili. Televisheni na sinema zina desturi yao: weusi ni 16, weupe ni 235, na ngazi zinazobaki juu na chini ni akiba. Huo tuuite mfumo finyu. Yote miwili ni halali na yote hupita kwenye HDMI. Shida inaanza kigeuzi (kile kisanduku kinachobadilisha mawimbi ya konsoli kuwa HDMI) kikituma 16 kikimaanisha weusi, halafu tivii ikachukulia kwamba weusi ni 0. Ile 16 inachorwa kijivu, na ile 235 haifiki kileleni. Hapo ndipo picha inapopauka. Ikiwa kinyume, yaani kigeuzi kinatuma mfumo kamili na tivii inasubiri mfumo finyu, kila kilicho chini ya 16 kinamezwa, na adui aliyejificha kwenye kona yenye giza humwoni hata ukikodoa macho.

Ngazi 16 zinaonekana chache. Tupige hesabu. Tivii yenye gama (mkunjo unaogeuza namba kuwa mwanga) ya 2.2 ikipewa 16 kati ya 255 hutoa takribani asilimia 0.23 ya mwangaza wake wa juu. Kwa tivii ya niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza), hiyo ni karibu niti 0.7. Paneli ya IPS (aina ya LCD) yenye kontrasti, yaani uwiano wa weupe kwa weusi, ya 1000:1 tayari ina weusi wake wa asili wa niti 0.3. Jumlisha, weusi unafika niti 1. Weupe nao, kwa kuishia 235, umeshuka hadi niti 250 hivi. Ulinunua 1000:1, unatazama 250:1. Mtu akikwambia hii ni tofauti ya kufikirika tu, mwonyeshe hesabu hiyo.

Sasa, brightness. Kitelezi hicho kinasogeza picha nzima juu au chini. Ukishusha mpaka 16 ionekane nyeusi, weupe uliokuwa 235 umeshuka nao hadi karibu 219. Weusi umepona, picha imekuwa hafifu, rangi bado zimepauka. Ndiyo maana watu wanashusha, wanapandisha, wanashusha tena, na hawaridhiki.

Namna ya kulitafuta kosa ni hii. Kwenye skrini yako kuna weusi wa aina tatu: wa tivii yenyewe, wa kigeuzi na wa konsoli. Zima taa usiku, vuta pazia. Weka tivii kwenye 4:3. Kushoto na kulia itajitokeza mikanda miwili myeusi. Hiyo inachorwa na tivii, haijapita kwenye kigeuzi wala kwenye konsoli. Ngoja mchezo ufike kwenye skrini nyeusi, kwa mfano unapopakia. Tazama mpaka ulio kati ya mkanda na picha. Kama huoni mahali mkanda unapoishia, ngazi za weusi ziko sawa, na ukungu unaouona ni wa paneli. Hakuna menyu itakayouondoa. Kama mpaka unaonekana waziwazi, picha ikiwa kijivu kando ya mkanda mweusi, kuna kosa na linarekebishika.

Kujua kosa liko upande gani: kama tivii bado ina soketi za AV, chomeka konsoli moja kwa moja bila kigeuzi, halafu rudia kipimo cha mikanda. Weusi ukikaa vizuri, mkosaji ni kigeuzi au makubaliano yake na tivii. Ukibaki kijivu, rudi nyuma kwenye waya na konsoli.

Angalizo moja la muhimu. Vigeuzi vizuri kama RetroTINK 5X huweza kuchora mikanda yao wenyewe. Mikanda hiyo imepita kwenye HDMI ile ile, kwa hiyo haikuonyeshi weusi wa tivii. Lakini inakupa kipimo kizuri zaidi: mikanda ya kigeuzi ikiwa kijivu pamoja na picha, kosa ni la HDMI. Mikanda ikiwa myeusi na picha peke yake ndiyo kijivu, kosa ni la upande wa analogi, kabla ya kigeuzi.

Kosa likiwa la HDMI, dawa iko kwenye menyu ya tivii. Samsung huiita HDMI Black Level: Low ni mfumo finyu, Normal ni mfumo kamili. LG huiita Black Level: Low ni finyu, High ni kamili. Sony huiita HDMI Video Range, ikiwa na Limited na Full. Picha iliyopauka maana yake tivii imekaa kwenye mfumo kamili huku ikipokea finyu, kwa hiyo ihamishie finyu. Ukikuta chaguo hilo limefifia na halibonyezeki, mara nyingi ni kwa sababu mawimbi yanayoingia ni ya YCbCr (mwangaza na tofauti za rangi) na wala si RGB (nyekundu, kijani na buluu).

Wenye PS3 na Xbox 360 msihangaike sana, marekebisho yako ndani ya mashine. PS3: Display Settings, RGB Full Range (HDMI), weka Limited kama tivii yako ni ya kawaida. Xbox 360: Reference Levels, weka Standard. Basi.

Karibuni kwa maswali.

---

kevo_pipeline

Fundi, asante sana kwa somo. Mimi nina PS2 ile nyembamba. Nilinunua Luthuli kale kadude kadogo ka plastiki kanakochomekwa nyuma ya PS2 na kutoa HDMI. Tivii ni ya inchi 43 ya bei nafuu, menyu yake haina Black Level kabisa, nimeichungulia yote. Nimejaribu kipimo chako cha mikanda: mikanda myeusi, picha kijivu. Na nikiweka Picture Mode kwenye Vivid inazidi. Nimekwama?

---

fundi_pikseli

Hujakwama, kaka.

Hicho kidude huchukua komponenti (video iliyogawanywa kwenye nyaya tatu) kutoka kwenye soketi ya AV ya PS2 na kuibadilisha kuwa HDMI. Kwa hiyo kwanza nenda System Configuration ya PS2, kisha Component Video Out, na uhakikishe imewekwa Y Cb/Pb Cr/Pr. Ikiwa kwenye RGB, rangi zitavurugika kabla hata hatujafika kwenye weusi.

Pili, angalia nyuma ya tivii kama kuna soketi za komponenti: kijani, buluu na nyekundu. Tivii nyingi huficha hili. Ile soketi ya njano ya AV mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya kijani, imepakwa rangi mbili au imeandikwa Video/Y. Nyingine zina tundu dogo la milimita 3.5 na kijiwaya chake. Kuwa mwangalifu na kijiwaya hicho: mpangilio wa ncha zake hutofautiana kati ya tivii na tivii, kwa hiyo cha jirani kinaweza kukupa mlio mahali pa picha. Ukiipata komponenti, nunua waya wa komponenti wa PS2 na uachane na kidude. Tivii itasoma mawimbi ya konsoli bila mkalimani.

Kama haina, basi hapa ndipo vitelezi vinapoingia, lakini viwili kwa pamoja na kwa mpangilio. Anza kwa kutoka Vivid, nenda Standard au Movie. Zima Dynamic Contrast na Eco, kwa sababu hizo zinabadilisha weusi kila sekunde kulingana na picha, na huwezi kupima kitu kinachotembea. Kisha shusha Brightness hadi mpaka wa mikanda upotee tu, usipitilize. Halafu pandisha Contrast mpaka weupe urudi, ukitazama kitu cheupe chenye michoro, kama mawingu au jezi nyeupe. Mikunjo ya jezi ikianza kupotea, rudi nyuma kidogo. Kwa kufanya hivyo umenyoosha 16–235 kwa mkono. Si safi kama swichi ya Black Level, ila unakaribia sana.

Jambo moja wengi halijawafikia: kwenye tivii mpya za Sony na Samsung, kinachoitwa Brightness ni taa ya nyuma. Cha kusogeza weusi kinaitwa Black Level kwa Sony na Shadow Detail kwa Samsung. Ukishusha Brightness huko unapunguza mwanga wa picha nzima na kontrasti inabaki ile ile.

---

wanja_254

Samahani kuingilia. Kwa nini Auto haifanyi kazi? Tivii yangu ni LG na ina Auto kwenye Black Level. Nimeiacha hapo muda wote na bado GameCube yangu imepauka. Si HDMI inajua yenyewe?

---

fundi_pikseli

Dada, swali zuri sana hilo.

HDMI hubeba ujumbe mfupi pamoja na picha, unaoitwa InfoFrame. Ndani yake chanzo kinaweza kueleza: natuma RGB, mfumo finyu, au natuma RGB, mfumo kamili. Auto ya tivii inategemea ujumbe huo. Vigeuzi vingi vya bei ya chini huacha sehemu hiyo tupu, au hutangaza kitu kisicholingana na wanachotuma. Tivii haina namna ya kuchunguza, inaamini ilichoambiwa.

Sehemu ikiachwa tupu, tivii inafuata kanuni ya kiwango cha CEA-861: maumbo ya picha ya televisheni, kama 720×480, 720p na 1080p, yanachukuliwa kuwa mfumo finyu, maumbo ya kompyuta yanachukuliwa kuwa mfumo kamili. Na 640×480 ipo upande wa kompyuta. Kwa hiyo kigeuzi kikitoa 640×480 na ndani yake kimeweka weusi kwenye 16, tivii itafuata kanuni vizuri kabisa na bado utaona ukungu. Badili kigeuzi kitoe 720p, kama kina kitufe cha kuchagua, na unaweza kuona weusi ukirudi bila kugusa kitu kingine chochote. Jaribu hilo kwanza. Kisha toa Auto, weka Low.

Ni hivyo hivyo kwa wenye OSSC (kigeuzi kingine cha konsoli za zamani). Ina chaguo la kutoa kama DVI au kama HDMI. DVI haina InfoFrame kabisa, kwa hiyo tivii inakisia. Baadhi ya tivii pia hubadilisha tabia ukiipa soketi jina la PC. Angalia kama kuna mtu nyumbani aliyeiita hivyo alipochomeka laptopu.

---

wanja_254

Kigeuzi changu kina kitufe cha 720p/1080p tu, kilikuwa 1080p. Lakini nilipotoa Auto nikaweka Low, ukungu umeondoka papo hapo. Nimekaa hapa nikitazama nyota kwenye skrini ya mwanzo. Sikujua kama nyuma yake kuna anga jeusi. Asante fundi.

---

mama_wa_gemu (Githurai)

Fundi, habari yako. Mimi nina kibanda cha gemu, vijana wanacheza mpira kwenye PS2. Nataka wanaosubiri nje waone mechi, kwa hiyo nimegawanya ule waya wa njano kwa kiungo cha Y: mmoja unaenda kwenye tivii ya ndani, mmoja kwenye tivii ya nje. Tangu hapo picha zote mbili zimefifia na zina chengachenga. Nikichomoa moja, nyingine inakuwa sawa. Hili ni la weusi pia?

---

fundi_pikseli

Mama, hili ni ndugu yake, na ni la upande wa analogi.

Mawimbi ya video kwenye waya wa njano yametengenezwa yafike kwenye mzigo mmoja wa omu 75. Ndani ya konsoli kuna omu 75, ndani ya tivii kuna omu 75, na kati yao volti inagawanyika nusu kwa nusu ili tivii ipate volti 1 kutoka chini ya sinki (mapigo yanayoiambia tivii kila mstari wa picha unaanzia wapi) hadi juu ya weupe. Karibu 0.3 ni ya sinki, 0.7 ni ya picha. Ukiweka kiungo cha Y, tivii mbili zinakuwa mzigo wa omu 37.5, na kila moja inapata kama volti 0.67 badala ya 1. Tivii inaona sinki imepungua, inajaribu kukuza kila kitu, na pamoja na picha inakuza chenga.

Kinyume chake pia kipo. Kifaa kikikosa omu 75 za kumalizia, volti inakwenda mara mbili, na picha inawaka kupita kiasi, weupe unaungua na giza linapauka.

Unachohitaji ni kigawanyi cha AV chenye umeme wake, kile kisanduku cha matundu mengi kinachochomekwa kwenye stima. Kinatoa mawimbi mapya kwa kila tivii. Ukienda mjini kukitafuta, sema unataka chenye adapta ya umeme. Kisicho na adapta ni kiungo cha Y kilichovikwa sanduku.

---

mama_wa_gemu (Githurai)

Nimekuelewa vizuri. Kile nilichouziwa mwanzoni kilikuwa sanduku bila umeme, nikakirudisha nikidhani ni kibovu. Nitatafuta chenye adapta.

---

soketi_nyekundu

Mimi nina Nintendo 64 niliyoletewa na mjomba kutoka Marekani. Nimetafuta transfoma ya kushusha umeme, hapo niko salama. Naichomeka kwa AV moja kwa moja kwenye tivii, bila kigeuzi chochote. Weusi ni kijivu. Rafiki yangu ana ya PAL (mfumo wa televisheni wa Uingereza) kutoka Uingereza, tivii ile ile, waya ule ule, na yake iko sawa. Kwa nini?

---

fundi_pikseli

Kwanza hongera kwa transfoma. Wasomaji wengine: adapta ya Nintendo ya Marekani ni ya volti 120, hapa kwetu ni 240. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja unaiua.

Kuhusu weusi, kuna historia. Kiwango cha NTSC cha Marekani hakiweki weusi kwenye sifuri. Kinauweka 7.5 IRE (kipimo cha ngazi za mawimbi ya video) juu ya sifuri, ambayo ni kama milivolti 54. Japani wanatumia NTSC lakini weusi wao uko 0. PAL nayo weusi wake uko 0. Mashine ikifuata kiwango cha Marekani, na tivii iliyouzwa soko la PAL ikahesabu weusi kuanzia 0, weusi wako unakaa asilimia 7.5 juu ya mahali pake. Ndiyo hiyo rangi ya kijivu.

Hapa Black Level ya HDMI haikusaidii kitu, maana hakuna HDMI. Hapa brightness ndiyo dawa yenyewe, na kitelezi hicho kimekuwepo tangu zamani kwa kazi ya namna hii: kuoanisha weusi wa tivii na weusi wa chanzo. Shusha kidogo mpaka skrini nyeusi ya mchezo ilingane na mikanda. Tivii nyingi hukumbuka mpangilio wa kila soketi peke yake, kwa hiyo AV ibaki hivyo na HDMI usiiguse.

Rafiki yako akija na ya PAL, itabidi uirudishe, la sivyo yake itamezwa gizani.

---

mzee_katriji

Vijana, nimesoma yote. Mimi nina Super Nintendo ya PAL kutoka Uingereza, na OSSC. Waya wa SCART (ile plagi pana ya tivii za Ulaya) nilitengenezewa na mtu aliyefuata mchoro wa mtandaoni. Picha ni kali kupita kiasi: weupe umeungua, na giza ni jeupe jeupe. Nimebadilisha waya wa HDMI mara kadhaa, hadi ule wenye ncha za dhahabu. Hakuna tofauti.

---

fundi_pikseli

Mzee wangu, waache waya wa HDMI wapumzike. HDMI ni dijitali. Waya hauwezi kupandisha weusi kutoka 0 hadi 16. Ukiharibika utaona vimulimuli, au picha itakatika kabisa. Dhahabu haibadilishi ngazi.

Tatizo lako nadhani liko ndani ya kichwa cha SCART. Super Nintendo ya NTSC na ya PAL hazitoi RGB kwa namna moja. Ya NTSC inahitaji kapasita ya mikrofaradi 220 kwenye kila mstari wa rangi. Ya PAL haitaki kapasita hizo. Inataka rezista ya omu 75 kutoka kila mstari wa rangi hadi ardhi. Waya wa NTSC ukiuweka kwenye mashine ya PAL, rezista hazipo, volti ya rangi inapanda, na unapata picha hiyo hiyo uliyoieleza.

Fungua kichwa cha SCART. Ukiona mitungi midogo mitatu kwenye mistari ya nyekundu, kijani na buluu, huo ni waya wa NTSC. Itoe, unganisha mistari moja kwa moja, kisha lehemu rezista tatu za omu 75, kila moja kati ya mstari wake na ardhi. Ni kazi ya nusu saa kwa mkono uliotulia.

Lakini kabla ya chochote, na hili nakuomba sana: kagua ncha namba 3 ya plagi ya konsoli. Kwenye mashine ya NTSC ncha hiyo hutoa sinki. Kwenye ya PAL hutoa volti 12. Waya ukichukua sinki kutoka ncha 3, utapeleka volti 12 kwenye mlango wa sinki wa OSSC. Kama umeunganishwa hivyo, usiwashe tena. Kwenye PAL sinki ichukuliwe ncha 9, ambayo ni video kompoziti (ile ya waya wa njano), au ncha 7, ambayo ni luma (mwangaza bila rangi).

---

mzee_katriji

Nimekifungua. Mitungi mitatu ipo, imesimama kama ulivyosema. Sinki inatoka ncha 9, Mungu mkubwa. Rezista nitazitafuta Luthuli kesho.

---

tivii_ya_kisogo

Kwa heshima zote, mnahangaika bure. Tafuteni tivii ya zamani yenye kisogo, Gikomba bado zipo. Konsoli hizi zilitengenezewa hizo. Hakuna InfoFrame, hakuna 16–235, hakuna kuchelewa.

---

fundi_pikseli

Kaka, hapo nakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Kwa mwenye nafasi, tivii ya kisogo ndiyo nyumba halisi ya mashine hizi, na mwendo wake hakuna LCD inayoufikia. Ninazo na nazitunza.

Lakini bedsitter ya Pipeline haina mahali pa kuweka tivii ya kilo 40, na hizo zilizobaki zinapungua kila mwaka. Vipuri vimekuwa adimu. Na kijana asiye na uzoefu akifungua moja kurekebisha picha, ndani kuna volti zaidi ya 20,000 zinazoweza kubaki kwenye kioo hata baada ya kuchomoa stima. Sitaki mtu aumie kwa sababu tumemwambia hakuna njia nyingine. Njia ipo. Mtu mwenye PS2 na tivii ya kawaida anastahili kuona mchezo jinsi ulivyochorwa.

---

soketi_nyekundu

Swali la mwisho kutoka kwangu: kipimo cha mikanda kinanionyesha weusi, lakini nitajuaje kama nimeshusha kupita kiasi? Nikishusha sana, ule mpaka wa mikanda hauonekani pia.

---

fundi_pikseli

Umegusa udhaifu wa kipimo hicho. Kinakamata ukungu, hakikamati weusi uliomezwa.

Kwa hilo tumia 240p Test Suite ya Artemio Urbina. Ni programu ya bure, ipo kwa Mega Drive, Super Nintendo, Nintendo 64, Dreamcast, GameCube na Wii, miongoni mwa nyingine. Wewe wa Nintendo 64 utahitaji katriji ya kupakia programu. Wenye Dreamcast zinazosoma CD ya kuchoma, mna bahati: inachomwa kwenye CD-R ya kawaida. Mwenye Wii iliyofunguliwa (inayokubali programu za nje) anaiweka kwenye kadi ya SD.

Ndani tafuta picha ya PLUGE. Utaona mistari yenye giza juu ya weusi, inayotofautiana kidogo sana. Pandisha brightness mpaka mistari ionekane waziwazi, kisha shusha polepole mpaka ule hafifu kabisa uwe unaonekana kwa shida tu. Simama hapo. Ukipita, mistari inatoweka yote, na vilevile nywele, vivuli na kona za mapango kwenye michezo yako.

Usiyekuwa na programu, chukua mchezo wako wenye mhusika mwenye nywele nyeusi au koti jeusi. Mikunjo ya koti ionekane na skrini ya kupakia ilingane na mikanda. Vyote viwili kwa pamoja.

---

otis_famicom

Fundi, na hizi Famicom za kuigiza zenye katriji za njano? Yangu weusi uko sawa, ila michezo michache picha inatetemeka kila skrini ikiwa nyeusi. Mingine haina shida.

---

fundi_pikseli

Palleti (orodha ya rangi) ya Famicom ina rangi moja, namba 0D, ambayo ni nyeusi kuliko weusi. Volti yake inashuka chini ya kiwango cha weusi, kuelekea mahali pa sinki. Tivii nyingine huidhania kuwa sinki na picha inayumba. Watengenezaji makini walitumia 0F, ambayo ni weusi wa kawaida, ndiyo maana ni michezo michache tu. Kwenye LCD yako jaribu kuipitisha kwenye kigeuzi kingine cha AV. Vingine huvumilia 0D, vingine havivumilii, na brightness haina la kufanya hapo.

---

kevo_pipeline

Nimerudi na matokeo. Komponenti ipo! Soketi ya njano imeandikwa Video/Y kwa maandishi madogo sana, na ya buluu na nyekundu ziko kando. Nimepata waya wa PS2 wa komponenti. Kipimo cha mikanda: mpaka hauonekani, na koti jeusi lina mikunjo. Kitu kimoja tu: mchezo ukitoka gizani kwenda kwenye mwanga, weusi unapanda kwa sekunde kisha unashuka.

---

fundi_pikseli

Safi sana kaka. Hiyo ya kupanda na kushuka ni Dynamic Contrast. Uliizima kwenye HDMI, lakini soketi ya komponenti ina mipangilio yake. Ukiwa kwenye soketi hiyo, izime tena pamoja na Eco, kisha rudia kipimo cha mikanda, maana Brightness uliyoiweka ilipimwa ikiwa bado imewashwa.